Kwa nini nyama hukakamaa baada ya kuchinja ilhali nishati imekwisha?

Mleta mada ameuliza swali zuri: ikiwa msuli hujikaza kwa nishati ya ATP (molekuli inayobeba nishati ndani ya seli), inakuwaje mnyama aliyechinjwa, ambaye ATP yake imekwisha, akakamae badala ya kulegea? Nimefanya kazi ya ukaguzi wa nyama machinjioni kwa miaka mingi, na jambo hili nimelishika kwa mikono yangu: paja la ng'ombe aliyetoka kuchunwa huwa laini, pengine nyama yake bado inachezacheza, lakini baada ya saa kadhaa halikunjiki tena.

Jibu limo katika namna protini mbili, aktini na miosini, zinavyoshikana. Nyuzi nene za miosini, zenye urefu wa takriban maikromita 1.6, zimelala katikati ya nyuzi nyembamba za aktini, na kila uzi mnene una molekuli 300 hivi, kila molekuli ikiwa na vichwa viwili. Msuli unapojikaza, nyuzi hizo hazifupiki bali hupishana. Ndivyo walivyoeleza wanasayansi Hugh Huxley na Jean Hanson, na vilevile Andrew Huxley na Rolf Niedergerke, katika makala mbili zilizotoka pamoja mwaka 1954.

Kinachozipisha ni vile vichwa vya miosini, na hapa ndipo wengi huelewa kinyume. ATP inapoingia katika kichwa, kazi yake ya kwanza ni kukifanya kiiachie aktini. Kisha ATP huvunjwa, na nishati yake hukirudisha kichwa nyuma, kikawa kama upinde uliokwisha kuvutwa. Kichwa hicho huishika aktini mbele kidogo, huachilia fosfeti (kipande kilichotokana na kuvunjwa kwa ATP), na ndipo hupinda na kuuvuta uzi kwa nanomita chache. Kikishavuta, hung'ang'ania hapo hapo mpaka ATP nyingine ije.

Katika mnyama hai, protini iitwayo tropomiosini hufunika mahali pa kushikia kwenye aktini, na hujisogeza pale tu protini mwenzake, troponini, inapopata kalsiamu, ambayo baadaye hurudishwa katika vifuko vyake na pampu zinazotumia ATP vilevile. Damu ikikoma kuzunguka, ATP hupungua, kalsiamu huvuja bila kurudishwa, vichwa hushika na visiweze kuachia.

Nyama hulainika tena baadaye, si kwa sababu miosini imeachia, bali kwa sababu vimeng'enya, hasa kalpaini, hukata protini zinazoziweka nyuzi hizo mahali pake. Ndiyo maana nawasihi sana wenye mabucha wasiiweke nyama ya ng'ombe kwenye jokofu la kugandisha mara tu baada ya kuchinja: ikipoa chini ya nyuzijoto 10 za Selsiasi kabla ya kukakamaa, kalsiamu humwagika wakati ATP ingalipo, msuli hujikaza kupita kiasi, na ugumu huo hautoki kwa urahisi hata nyama ikikaa siku nyingi.