Mkojo wa Asubuhi

SWALI: Kila niamkapo mkojo wangu huwa wa manjano iliyokolea, ilhali mchana hukaribia kufanana na maji. Je, figo zangu zina kasoro?

JIBU: La, hiyo ni dalili kwamba zinafanya kazi. Figo za mtu mzima huchuja takriban lita 180 za majimaji ya damu kwa siku, kisha karibu yote hurudishwa mwilini, ikabaki lita 1 au 2 tu ya mkojo wenye urea, ambayo ini huitengeneza kutokana na mabaki ya protini. Usiku, kwa kuwa hunywi, homoni kutoka kwenye ubongo huziamuru figo zibane maji. Taka ni zile zile, maji ndiyo yamepungua. Manjano yenyewe, ajabu kidogo, hutokana na chembe nyekundu za damu zilizochakaa. Ukiona rangi ya kahawia hata baada ya kunywa maji ya kutosha, mwone daktari.