Usikitupe kichwa cha treni kwa sababu ya gia moja

Ndugu, umesema kichwa chako cha treni ya mfano kinalia "tik, tik" kila gurudumu likizunguka, kisha kinakwama, na muuzaji kakwambia ununue kipya. Usikubali haraka hivyo. Mlio wa namna hiyo mara nyingi ni gia ya plastiki iliyopasuka pale inapobana ekseli. Vua magurudumu, ishike gia kwenye mwanga: ufa wenyewe ni mwembamba kama unywele, hukaa kati ya meno mawili. Gundi haifui dafu. Nimeshapoteza jioni nzima nikijaribu.

Kabla ya kuagiza, tafuta mchoro wa vipuri uliokuja na boksi uchukue namba ya kipuri, siyo jina la treni tu, maana modeli ileile huweza kubadilishwa mota au gia kimyakimya. Huna mchoro? Hesabu meno ya gia na pima unene wa ekseli. Reli nayo isikudanganye: treni za kipimo cha HO (1:87, yaani ndogo mara 87 kuliko treni halisi) na za OO (1:76) hupita kwenye reli ileile yenye upana wa milimita 16.5, lakini vipuri vyake si vya kubadilishana ovyo.

Watengenezaji wakisema vimekwisha, nunua kichwa kibovu cha modeli hiyohiyo ukichinje. Omba kwanza picha ya chesisi. Ile ya aloi ya zinki ikishaanza kuvimba na kufanya nyufa, achana nayo. Kichwa chenye chesisi nzima kitakupa mota na magurudumu. Gia lakini tafuta mpya, kwa sababu ya mtumba huenda ina ufa uleule.