Mwanangu, wewe umelea wangapi?

Wiki iliyopita msomaji mmoja, mwenzangu katika kazi ya ustawi wa jamii, aliniandikia: "Dada, nimewaeleza wazazi haki za mtoto mpaka sauti imekauka. Wananitazama tu. Nifanyeje?" Nilicheka, kisha nikanyamaza. Na mimi yalinikuta hayo.

Nilikwenda kwenye kikao cha wazazi nimekihifadhi kama sala kifungu cha 19 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, kile kinachotaka mtoto alindwe dhidi ya ukatili. Nikakisoma chote. Bibi mmoja akauliza taratibu: "Mwanangu, wewe umelea wangapi?" Sikuwa na hata mmoja. Ukumbi mzima ulicheka, na kicheko kile, nakiri, bado kinaniuma.

Niliporudi (kwanza nilisusa miezi miwili) sikubeba karatasi. Nilimwendea yule yule bibi, nikamwuliza: mzazi akipita kiasi, zamani nani alikuwa na ubavu wa kumzuia? Akajibu bila kufikiri: shangazi wa mtoto. Kumbe mpaka kati ya kumrudi mtoto na kumtesa walikuwa nao siku zote, na mlinzi wake yupo. Mimi nilidhani ndiye ninayewaletea.

New Zealand walilazimika kujifunza hili. Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, walilalamika kwamba watoto wao wanachukuliwa na kulelewa mbali na ukoo, na sheria ya 1989 ikaleta kikao cha familia: maofisa wanaeleza wanayoyajua, halafu wanatoka nje ili ndugu washauriane peke yao. Wanatoka nje! Sisi wenye vyeti ndipo tunaposhindwa.

Kwa vijana, ushauri wangu ni ule ule: uliza, kisha nyamaza. Kijana wa miaka 15 hatafunguka mbele ya baba yake. Mwulize ni mtu mzima gani anamwamini. Mara nyingi si yule tunayemdhania.

Lakini tusidanganyane, ndugu zangu. Mila si kichaka cha kumficha mwovu. Mtoto akinajisiwa, au maisha yake yakiwa hatarini, hakuna cha kumalizana nyumbani. Ripoti siku hiyo hiyo, hata wazee wakinuna. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, wa 1990, nao unazitaka serikali ziondoe mila zinazomdhuru mtoto. Kuheshimu si kufumba macho.

Yule bibi sasa ndiye anayefungua vikao vyetu, nami huketi nyuma. Wageni wakija hunitambulisha kama mwanafunzi wake. Na bado huuliza nimelea wangapi.