Randa inanyofoa mvule na maranda yanakwama mdomoni

SWALI: Fundi, salamu. Niko Webuye, nina kibanda cha kutengeneza meza na viti. Mwezi jana nilinunua randa ya chuma ya mtumba, namba 4, pale Kibuye, Kisumu. Kwa saiprasi inateleza bila shida. Juzi nimeanza meza ya mvule ya mteja na randa inanyofoa nyuzi. Nikigeuza ubao inanyofoa kwingine. Jirani alinishauri nisogeze mbele kile kiti cha bledi ili mdomo wa randa, ule upenyo wa chini bledi inapochomozea, uwe mwembamba. Nimefanya hivyo, sasa maranda yanakwama kila nikisukuma mara mbili tatu. Bledi nimeinoa mpaka inanyoa vinyweleo vya mkono. Nimekosea wapi?

JIBU: Salamu nawe, fundi. Bledi inayonyoa mkono haina hatia, iache. Mshukiwa wangu ni kile chuma cha pili kilichofungwa juu ya bledi kwa skurubu fupi nene. Wengi hudhani kazi yake ni kuishikilia bledi tu. Mimi nitakiita kofia.

Kwanza mvule wenyewe. Nyuzi za saiprasi kwa kawaida hulala upande mmoja, kwa hiyo ukipata mwelekeo umemaliza. Za mvule zimepishana: mkanda mmoja umeegemea huku, wa pili yake umeegemea kule. Ndiyo maana ukigeuza ubao, iliyokuwa inanyofoka inatulia na iliyotulia inaanza kunyofoka. Mahogani nayo ina tabia hiyo hiyo.

Randa yako, kama namba 4 karibu zote, inafuata muundo wa Leonard Bailey, Mmarekani wa karne ya 19, na bledi imelala digrii 45. Kwa mlalo huo, nyuzi zilizoegemea vibaya huinuliwa na kupasuka mbele ya makali kabla hazijakatwa, na ufa unashuka chini ya uso wa ubao. Kofia ikikaa karibu kabisa na makali, inayakunja maranda pale pale yanapozaliwa, nayo yanakosa nguvu ya kuupasua ubao. Karibu ninayoisema hapa ni robo ya milimita au chini yake. Randa nyingi za mtumba nilizofungua zilikuwa na kofia milimita 2 nyuma. Kwa saiprasi hutaona tofauti, ila mvule utakuumbua.

Sasa fungua randa yako. Bledi na kofia zikiwa bado zimefungwa pamoja, zielekeze dirishani uchungulie zinapokutana. Ukiona hata uzi mwembamba wa mwanga, hapo ndipo maranda yanapopenya na kukwama. Dawa yake: tenganisha vyuma hivyo, ncha ya kofia uiweke juu ya jiwe la kunolea, na mkia wake uushushe kidogo chini ya usawa wa jiwe, ili ncha pekee ndiyo iguse. Sugua mpaka ncha yote ing'ae bila kukatika. Mteremko wa mbele wa kofia nao usiwe umelala sana. Uinue ufike digrii 50 hivi hapo nchani, kisha uung'arishe. Usisahau mgongo bapa wa bledi, kwa sababu kofia inakaa juu yake. Ukiwa na kutu au mashimo hapo karibu na makali, kazi yote hii ni bure.

Jirani yako hakukudanganya, mdomo mwembamba husaidia. Lakini ukishaileta kofia karibu, maranda yanahitaji nafasi ya kupita, na kubana vyote viwili ni kuyafungia mlango. Legeza skurubu mbili zilizo chini ya bledi, urudishe kiti nyuma mpaka kilingane na ukingo wa nyuma wa mdomo.

Usipoteze siku kusawazisha tumbo la randa. Mimi niliwahi kumaliza Jumamosi nzima nikilisugua kwenye msasa uliobandikwa juu ya kioo. Jioni bega lilikuwa limekufa na randa ilikuwa inanyofoa vile vile, kwa maana kofia sikuigusa. Mbele, nyuma na hapo kabla tu ya mdomo pakigusa ubao ulionyooka, inatosha. Paka mshumaa tumboni uendelee na kazi.

Kuhusu mvule, kuna jingine: mara nyingine ndani yake hukaa vijiwe vyeupe vya chokaa. Ukisikia randa inakwaruza ghafla, simama. Kichimbue hicho kijiwe kwa patasi, la sivyo bledi itapata pengo na kila ukisukuma itaacha mstari ulioinuka ubaoni. Vumbi la mvule nalo huwasha pua na ngozi, kwa hiyo siku ya kupiga msasa vaa barakoa.

Ukirudisha kila kitu, anza bledi ikiwa ndani, uitoe kidogo kidogo kwa kale kagurudumu ka nyuma, na ujaribu kwenye kipande kilichobaki cha mvule huo huo. Maranda yakitoka yamejiviringa kama pete, kofia bado iko mbali. Yakiruka juu yamenyooka, umefika. Yakitoka yamekunjamana kama karatasi iliyofinyangwa na randa ikawa nzito kusukuma, umepita kiasi. Irudishe kofia nyuma unywele mmoja.