Maswali ya wasomaji: Knox na Broken Hill, tofauti ya saa isiyotulia

SWALI: Kila Jumatatu saa 20:00 tunaanza kikao cha video tukiwa Knox, jimbo la Indiana, Marekani. Wenzetu wako Broken Hill, Australia. Januari kwao ilikuwa Jumanne saa 12:30, lakini Julai wakasema ni 10:30. Sisi tulisogeza saa moja tu. Ya pili imetoka wapi?

JIBU: Imetoka kwao. Miji hii iko pande mbili za ikweta, hivyo mmoja unapopeleka saa mbele kwa ajili ya kiangazi, mwingine unairudisha. Knox iko nyuma ya saa za dunia (UTC) kwa saa 6, na kiangazi kwa saa 5. Broken Hill iko mbele kwa saa 9 na nusu, na kiangazi chake kwa 10 na nusu. Januari basi tofauti ni saa 16 na nusu. Julai ni 14 na nusu.

Kinachowavuruga wengi ni vipindi vya katikati, maana hawabadilishi siku moja. Marekani huenda mbele Jumapili ya pili ya Machi na kurudi Jumapili ya kwanza ya Novemba. Broken Hill hurudi Jumapili ya kwanza ya Aprili na kwenda mbele Jumapili ya kwanza ya Oktoba. Kwa mwaka 2026, kati ya Machi 8 na Aprili 5, kisha kati ya Oktoba 4 na Novemba 1, tofauti ni saa 15 na nusu. Usikariri namba moja.

Pitia UTC. Julai: 20:00 jumlisha 5 ni 25:00, yaani Jumanne 01:00 UTC. Ongeza 9:30, unapata Jumanne 10:30. Kuigeuza iwe saa nne na nusu asubuhi kuje mwisho kabisa. Ukiona umekosea kwa saa 6 kamili, ujue ulichanganya mifumo miwili njiani.

SWALI: Kalenda ya simu haikuwa na miji yetu. Nikachagua Indianapolis na Sydney, kwa kuwa ni majimbo yaleyale. Mbona Julai ilionyesha 10:00 badala ya 10:30?

JIBU: Umekosea mara mbili, na makosa yakafichana. Knox ilihamia Saa za Kati mwaka 2006, ilhali Indianapolis iko Saa za Mashariki, saa moja mbele. Broken Hill nayo, ingawa iko New South Wales, hufuata saa za Australia Kusini, nusu saa nyuma ya Sydney. Saa nzima ikapungua, nusu ikaongezeka, ikabaki nusu saa ambayo mtu anaweza kuidhania ni uchelewaji wa kawaida.

Chagua Chicago, iliyo Saa za Kati, na Adelaide, iliyo Australia Kusini. Programu ikikubali majina kamili, andika America/Indiana/Knox na Australia/Broken_Hill. Kifupisho CST cha Saa za Kati kiepuke, kwani China pia hukitumia kwa saa zake. Tena kaunti ya Marshall, jirani upande wa mashariki, iko Saa za Mashariki. Simu ikinasa mnara wa huko inaweza kuruka saa moja yenyewe. Zima upangaji wa saa wa kujiendesha, weka Chicago kwa mkono.

SWALI: Nani abebe usumbufu wa mabadiliko?

JIBU: Mwaliko ukifungwa kwa saa za Knox, Broken Hill huyumba saa mbili kwa mwaka, na kinyume chake. Tungependelea uufunge kwa UTC, Jumanne 01:00. Julai itakuwa 20:00 Knox na 10:30 Broken Hill; Januari 19:00 na 11:30. Kila upande unasogea saa moja tu.