Anayesaini na anayehakiki: maswali yenu kuhusu sahihi za kidijitali

Tumehama kutoka RSA (mbinu ya kusaini kidijitali) yenye ufunguo wa biti 2048 kwenda 4096, sasa seva inajivuta kila tukitoa vyeti vya kidijitali. Imeharibika? (Dodoma mjini)

Seva ni nzima. Kwenye RSA mzigo hubebwa na anayesaini kwa ufunguo wake wa siri: hesabu yake hutumia kipeo (namba inayosema namba nyingine izidishwe kwa yenyewe mara ngapi) cha siri, kirefu kama ufunguo wenyewe, na urefu ukiongezeka mara mbili kazi hupanda mara 6 au 7 hivi. Anayehakiki, kwa ufunguo wa umma ulio wazi kwa wote, hupita kirahisi, maana kipeo cha umma kwa kawaida ni 65537, kinachomalizwa kwa kuzidisha mara 17 tu. Vyeti vyenu vikiwa vya miezi michache, rudini 2048.

Naandika stakabadhi za mahindi soko la Kibaigwa. Nimeweka sahihi ya RSA ndani ya QR, lakini simu za wakulima haziisomi.

Swali hili limenigusa, dada. Mkulima akihakiki mwenyewe uzito wa magunia yake, hakuna wa kumbadilishia kilo njiani.

Sahihi ya RSA 2048 ni baiti 256. Ukiibana kwenye karatasi ya risiti, vinukta vya QR huwa vidogo kuliko punje za ulezi; vumbi kidogo au mkunjo wa mfukoni unatosha kuviharibu. Ed25519, mbinu nyingine ya kusaini, hutoa sahihi ya baiti 64, vinukta vinapanuka, kamera inashika. RSA huhakikiwa haraka zaidi, ni kweli, ila kwa simu moja na stakabadhi moja tofauti hiyo haionekani kwa jicho. Ufunguo wa umma nao ni baiti 32 tu. Uweke ndani ya programu yenyewe, na mtu wa Mlali atahakiki hata mtandao ukikata.

Faili kubwa huchelewesha kusaini?

Kwa RSA na ECDSA (mbinu nyingine ya kusaini), kinachochelewa ni kulisoma faili. SHA-256, hesabu ya kufupisha data, hulifupisha kuwa baiti 32, na hizo ndizo zinazosainiwa.

ECDSA inadai namba mpya ya nasibu kila sahihi. Nikirudia ile ile nitaokoa muda? (Mwanachuo, Dodoma)

Usithubutu, mdogo wangu. Sahihi mbili zenye namba moja humpa mtu ufunguo wako wa siri kwa aljebra ya sekondari. Mwaka 2010 ulinzi wa PlayStation 3, mashine ya michezo ya video, ulivunjwa hivyo hivyo. Fuata RFC 6979, mwongozo wa kiufundi wa 2013: namba huzalishwa kutokana na ufunguo na ujumbe wenyewe, na muda unaoongezeka ni mdogo mno.