Baba hakuuliza bei ya korosho

Mwezi wa kumi mwaka 2024, minada ya korosho ilipoanza, bei ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Kijijini kwetu, wilayani Newala, watu walipigiana simu usiku kucha kama mkesha wa Idi. Mdogo wangu alikimbia ndani kumpa baba habari. Baba alikuwa amelala ubavu, uso ukutani. Akajibu, "Haya." Hakugeuka.

Tangu nipate akili, baba ndiye aliyekuwa akitutangazia bei sisi. Msimu ukianza, redio yake haizimwi. Mdogo wangu aliponipigia mimi huku Mtwara mjini kunisimulia, ndipo nikaingiwa na hofu, na nilikuwa nimechelewa, kwa sababu dalili zilikuwepo tangu mwezi wa saba.

Mwezi wa sita, watu wakiwa mashambani wanapuliza mikorosho, baba alipata kiharusi. Mdomo ulikwenda upande, mkono wa kulia ukalegea, maneno yakawa hayaeleweki. Mjomba alisema huo ni upepo mbaya, aanzie kwa mganga. Mama alikataa, akatafuta gari, wakafika hospitali jioni ileile. Presha ilisoma 190 kwa 110.

Presha ile haikuwa ngeni. Miaka miwili nyuma alishapimwa akaambiwa anayo, akapewa amlodipini. Alimeza mwezi mmoja, akajiona mzima, akaacha. Nilijua, nikanyamaza, kwa kuwa hata mimi niliamini mwenye presha ni yule anayeumwa kichwa na kuona kizunguzungu. Sivyo. Kwa watu wengi presha haiumi popote. Unalima, unakula, unacheka na wenzako, na mishipa inazidi kuharibika. Kipimo kikisoma 140 kwa 90 au zaidi, na siku nyingine kikarudia hivyohivyo, una presha hata kama unaweza kupanda mnazi. Ukianza dawa ukashuka, dawa ndiyo iliyokushusha. Ukiiacha unapanda tena. Na chumvi: tunaambiwa tupunguze, tunaacha kunyunyizia mezani, halafu jioni tunakula ng'onda, samaki wa kukaushwa kwa chumvi. Ng'onda ni chumvi tupu. Afadhali samaki mbichi, na kama hakuna, loweka, mwaga maji, loweka tena.

Baba alilazwa siku tisa. Mguu ulirudi, akawa anatembea kwa fimbo, na maneno yakarudi taratibu. Tukashukuru Mungu, tukaona shughuli imekwisha.

Halafu akaanza kurudisha sahani. Ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi, chakula chake, anaonja tonge mbili anasogeza pembeni. Saa tisa usiku mama anamkuta amekaa kitandani gizani. Msikiti uko hatua chache kutoka nyumbani, haendi. Nesi alimfundisha kufinyafinya soksi iliyoviringishwa ili mkono upate nguvu. Soksi ikabaki dirishani. Nasi tukimwona hivyo tunamwambia, "Jikaze, mzee. Wenzako hawakuamka." Kila nikikumbuka maneno hayo naumia. Tulidhani tunamtia moyo.

Kilichotupoteza zaidi ni kwamba hakusema ana huzuni. Alisema mgongo unawaka moto, kifua kinabana, mwili hauna nguvu. Mara mbili alirudishwa kutibiwa: ya kwanza akapewa dawa za maumivu, ya pili za malaria. Mzee wa huku kwetu hasemi "nimekata tamaa." Anasema mwili unauma, na ukimbana sana atakwambia ana mawazo. Ukisikia neno hilo kwa mtu asiyekula wala kulala, usilipite.

Baada ya usiku ule wa bei, nilipanda kwenda Newala nikampeleka kliniki mwenyewe. Daktari alikuwa kijana. Akamwamkia shikamoo, akavuta kiti mpaka karibu naye. Kwanza aliagiza apimwe wingi wa damu na sukari, kwa sababu upungufu wa damu au kisukari navyo humlegeza mtu namna hiyo. Majibu yalipotoka salama, akaanza maswali tisa, yote kuhusu wiki mbili zilizopita: usingizi, hamu ya kula, uchovu, kukosa raha hata kwa vitu alivyokuwa akivipenda, kujilaumu, akili kutotulia. La mwisho akaliuliza kwa sauti ileile ya kawaida: "Mzee wangu, kuna siku umewaza kwamba bora ufe, au ujidhuru?"

Nilitaka kumkatiza. Kwetu mzazi haulizwi hivyo, tena mbele ya bintiye. Baba alinyamaza kwa muda, anauangalia mkono wake wa kulia uliolala pajani.

"Kila siku," akasema.

Daktari alinieleza baadaye kwamba kumuuliza mtu hakumpandikizii wazo. Kama lipo, lipo, na akiulizwa anapata pa kulitua. Kisha akaniuliza mimi: "Sumu za kupulizia mikorosho zilizobaki mnaziweka wapi?" Zilikuwa uvunguni mwa kitanda, chumba kilekile anacholala baba. Siku hiyohiyo mdogo wangu alizihamishia stoo ya jirani yenye kufuli. Kama unasoma hapa na wazazi wako wako Tandahimba, Masasi, Nachingwea au Ruangwa, piga simu leo uulize zinakaa wapi.

Ugonjwa wenyewe ni sonona, ugonjwa wa huzuni na kukata tamaa. Kati ya watu watatu wanaonusurika kiharusi, takribani mmoja huupata. Sehemu yake inatokana na ubongo kujeruhiwa, sehemu inatokana na yale yaliyompata: mtu aliyelima ekari zake leo anafungwa vifungo vya shati. Imani ya baba haikupungua, wala hakuwa akideka. Mjomba aliposikia "dawa za akili" alidhani mzee anapelekwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili iliyoko Dodoma. Hakupelekwa popote. Alipewa fluoksetini, kidonge kimoja asubuhi, na tarehe ya kurudi.

Wiki ya kwanza aliona kichefuchefu tu, akataka kuacha. Tulikuwa tumeonywa: dawa hizi huchukua wiki mbili mpaka sita kuonyesha kazi yake, na hata mtu akipata nafuu huendelea nazo kwa miezi kadhaa, kwa kawaida sita au zaidi, kisha daktari ndiye anayezipunguza kidogokidogo. Mwonyeshe daktari dawa zote anazomeza mgonjwa. Baba anatumia aspirini kwa ajili ya kiharusi, na aspirini pamoja na fluoksetini huongeza uwezekano wa kutokwa damu tumboni, kwa hiyo tuliambiwa tuangalie choo kisiwe cheusi kama lami.

Nyumbani tuliacha "jikaze." Mama akawa anakaa naye barazani bila kumlazimisha mazungumzo. Mdogo wangu akaanza kumwekea korosho kwenye ungo azichambue kabla hazijapelekwa ghalani. Mkono wa kushoto unachambua, wa kulia unazuia ungo usisogee. Siku za mwanzo alichambua dakika tano akalala. Wiki ya tano, nikiwepo, alishika korosho moja, akaitikisa sikioni, akaitupa pembeni.

"Hizi hamkuzianika vizuri," akasema. "Mtarudishiwa."

Mama alikwenda jikoni akalia.

Na mama mwenyewe nilikuwa nimemsahau. Miezi yote ile ndiye aliyekuwa akimgeuza, kumwogesha na kukesha naye. Siku moja kliniki nesi alimwambia, "Na wewe mama, leta mkono." Ikasoma 162 kwa 98. Wakampa tarehe, wakarudia, ikawa juu tena, akaanzishiwa dawa. Haumwi chochote, na anameza kila siku.

Nimewanunulia mashine ya kupimia, ile ya kufunga juu ya kiwiko, maana za kufunga kwenye kifundo cha mkono mara nyingi haziaminiki sana. Wanakaa kimya dakika tano, miguu chini, ndipo wanapima. Namba anaziandika baba kwenye daftari kwa mkono wa kushoto, kubwakubwa, zimelala upande. Anaanza na za mama.